Nani Atampeleka Mtoto Kliniki? Mahakama na Malezi Baada ya Wazazi Kuachana

Kwenye benchi la nje ya mahakama ya mwanzo, popote kati ya Tunduma na Tanga, hoja huwa ni mbili. Mwanamume anasema mahari alitoa, ng'ombe walihesabiwa mbele ya wazee, kwa hiyo watoto ni wa ukoo wake. Mwanamke anasema miezi tisa alibeba yeye, uchungu aliusikia yeye, na hakuna mzee hata mmoja aliyekuwapo leba. Kila upande umekuja na ndugu zake, na kila upande unaamini kwamba hakimu akisikiliza kidogo tu ataelewa. Wakiingia ndani wanakutana na maswali ambayo hawakujiandaa nayo. Mtoto yuko darasa la ngapi? Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Chanjo ya mwisho alipata lini? Akishikwa na homa usiku, nani huamka?

Mhadhara huu unahusu maswali hayo ya hakimu: yametoka wapi, na kwa nini yanazishinda hoja za benchini. Umejikita Tanzania Bara na Kenya, kwa kuwa sheria za nchi hizi mbili zinafanana vya kutosha kulinganishwa na zinatofautiana vya kutosha kufundishana. Zanzibar ina Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2011 pamoja na mahakama zake za kadhi, na ingestahili mhadhara wake pekee.

Katika shauri la talaka mahakama hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Hugawa mali iliyochumwa pamoja, kisha huamua watoto wakae wapi. Kwenye mali, jasho la kila mmoja hupimwa na kila mmoja akapewa fungu lake. Kwenye watoto hakuna fungu. Mzazi huingia kueleza jinsi mtoto atakavyoishi akiwa naye, na hakimu ana ruhusa ya kuwanyima wazazi wote wawili. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakifichi jambo hilo. Mtoto atawekwa kwa baba au kwa mama, lakini pakiwa na sababu zisizo za kawaida zinazofanya isifae kumkabidhi kwa yeyote kati yao, anaweza kupewa ndugu mwingine au chama kinachoshughulikia ustawi wa watoto. Wazazi wengi hushtuka wakisomewa maneno hayo. Ni vema wakashtuka mapema.

Hoja ya mahari haikuzuka hewani. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 279, liliweka kwenye maandishi mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, na humo watoto wa ndoa ni wa baba. Waluguru na Wamakonde, wanaofuata ukoo wa mama, walikuwa na hesabu nyingine kabisa: mtoto ni wa kwao mama, na neno la mjomba lina uzito. Kwa hiyo hata kabla shauri halijafika kwa hakimu, "mila yetu" ya Musoma na "mila yetu" ya Newala zilikuwa zinatoa majibu yanayogongana. Serikali ilipotaka kuunganisha sheria za ndoa ilitanguliza Waraka Na. 1 wa 1969 ili watu waujadili, na sheria yenyewe ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971.

Sheria hiyo haikuzifuta mila. Ilizipangia kiti. Kinachotangulia kuliko vyote ni ustawi wa mtoto. Chini yake mahakama itazingatia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamwezesha kutoa maoni yake bila kushikwa mkono, na mwisho desturi za jamii wanayotoka. Ng'ombe wa mahari walipoteza kesi katika mpangilio huo, ingawa habari haijafika kwenye kila benchi.

Kisha kuna namba saba. Sheria ya Tanzania inadhania kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake. Ni dhana tu, na ushahidi unaweza kuiangusha. Sheria hiyohiyo inamtahadharisha hakimu kuwa si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Namba yenyewe ina mizizi mirefu pande mbili za dunia. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanaifuata, hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, ni ya mama hadi mtoto aweze kupambanua mambo, umri unaokadiriwa kuwa miaka 7, kisha mtoto huulizwa anataka kukaa na nani. Uingereza ilifika kwenye namba hiyo kwa njia ya kashfa na machozi. Mwaka 1836 mwandishi Caroline Norton aliachana na mumewe George, aliyewahi kuwa mbunge. Mume akawachukua watoto wao 3 wa kiume, na sheria ya nchi ilikuwa nyuma yake, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na mamlaka yote. Mama huyo alishika kalamu, akaandika vijitabu, akawasumbua wabunge, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1839 iliyomruhusu mama kuomba apewe watoto walio chini ya miaka 7. Aliyepatikana na hatia ya kuzini aliwekwa kando. Norton mwenyewe haikumfaa: watoto wake walikuwa wamepelekwa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika.

Mpaka huo wa umri, basi, uliwekwa Uingereza ili kumpunguzia baba mamlaka aliyokuwa nayo peke yake. Leo baadhi ya kina baba wa Dar es Salaam wanauona kama silaha dhidi yao. Hawajakosea kabisa kulalamika, kwa sababu wapo watu, hata ndani ya ofisi za umma, wanaoitamka dhana hiyo kana kwamba ni amri. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukaa na baba yake ikiwa ushahidi unaonyesha kwamba kwa mama hali ni ya hatari au hakuna anayemwangalia. Vilevile mtoto akitimiza miaka 7 na siku moja, hakuna kengele inayolia ili baba aje kumchukua. Kosa hili la pili limewaumiza watoto wengi. Baba hutokea siku ya kuzaliwa akiwa na begi, akidai sheria imemruhusu. Sheria haikusema hivyo. Inachofanya ni kuiondoa dhana ile mezani, na baada ya hapo wazazi wanapimwa bila mmoja kutangulia.

Kenya imeuweka mpaka wake juu zaidi. Sheria ya Watoto ya 2001, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zinamhesabu mtoto wa umri mdogo kuwa aliye chini ya miaka 10. Kwa miaka mingi mahakama za huko zilisimamia kanuni kwamba mtoto wa umri huo apewe mama isipokuwa pakiwa na sababu zisizo za kawaida. Mwaka 2016, katika shauri lililochapishwa kwa herufi tupu, J.O. dhidi ya S.A.O., Mahakama ya Rufani iliirudia kanuni hiyo na kuzitaja baadhi ya sababu: mama kutokuwa na makazi ya kutulia, mama kuolewa na mume mwingine, mama kuishi katika nyumba iliyo katika hali mbaya sana, au mwenendo wake kuwa wa aibu au usio na maadili.

Msomaji na aisome orodha hiyo mara mbili. Nyumba mbovu na kutotulia ni mambo yanayomgusa mtoto moja kwa moja, kwa kuwa ndiye atakayelala humo. Lakini mume mpya? Baba akioa mke wa pili baada ya talaka, upande wake husimama mahakamani na kusema sasa nyumbani kuna mwanamke wa kuwaangalia watoto. Jambo lilelile kwa mama linageuka doa. Mzizi wake ni mkongwe, maana hata katika fikihi mama anayeolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto hupoteza hadhana. Na wasiwasi kuhusu baba wa kambo si upuuzi. Zipo nyumba ambamo mtoto wa mwanamume mwingine hageuki mwana kamwe. Hata hivyo zipo pia nyumba za mama wa kambo. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni huyo mtu mzima mgeni atakayekaa na mtoto, awe mume au mke: ana tabia gani, mtoto anamwogopa au anamkimbilia, analala wapi, anakunywa kiasi gani. Cheti cha ndoa mpya hakijibu hata swali moja kati ya hayo.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipata nafasi ya kuzungumza mwaka 2023, katika shauri la M.A.K. dhidi ya R.M.A.A. Ilitaja mambo ambayo hakimu anapaswa kuyapima, na orodha yake ina sura tofauti na ile ya 2016. Kuna makubaliano ya malezi kati ya wazazi kama yapo, jinsi kila mzazi alivyotekeleza wajibu wake huko nyuma, na uwezo wake wa kuwapo na kumwongoza mtoto. Kuna matakwa ya mtoto anayeweza kujieleza, hali ya kifedha ya kila mmoja, mahitaji ya pekee ya kila mtoto, ubora wa mazingira ya nyumbani, na afya ya akili ya wazazi. Umri mdogo wa mtoto umebaki kuwa jambo la kuzingatiwa, lakini linaloamua ni maslahi ya mtoto, kama Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inavyotaka. Katika yote hayo, lenye uzito kuliko linavyopewa na wazazi wengi ni lile la pili: ulifanya nini huko nyuma. Ahadi za mahakamani ni rahisi. Rekodi ya miaka 5 haiwezi kutengenezwa kwa wiki moja.

Tanzania Bara, njia ya kufika kwa hakimu hutegemea kama wazazi walifunga ndoa na wanataka nini. Wanaotaka talaka hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kwenda mahakamani. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza shauri la ndoa. Suala la watoto huamuliwa humohumo. Ambao hawakuoana, au wametengana bila kudai talaka, hutumia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kufungua maombi katika Mahakama ya Watoto. Mzazi, mlezi au ndugu anaweza kuomba. Bibi aliyemlea mjukuu tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi za ndani Oman naye amo katika neno hilo "ndugu".

Mahakama ya Watoto si ukumbi wa kutisha, au haikukusudiwa kuwa hivyo. Husikiliza faraghani, katika jengo tofauti au kwa wakati tofauti na kesi nyingine, taratibu zake ni nyepesi, na Afisa Ustawi wa Jamii huwapo. Watu wa nje hawaingii. Sheria ya 2009 nayo inampa hakimu mambo ya kuangalia: umri na jinsia ya mtoto, kwamba ni vizuri akae na wazazi wake isipokuwa wakiwa wanavunja haki zake mara kwa mara, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, kwamba inafaa ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na haja ya malezi yasiyokatika. Hapo pana mvutano mdogo na Sheria ya Ndoa, ambayo inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja na ustawi wa kila mtoto upimwe peke yake. Mahakimu wenye busara husoma vifungu hivyo viwili pamoja: waanze kwa kutowatenganisha, na wakiwatenganisha waeleze sababu.

Sasa tufike kwenye kiungo cha shauri zima, ambacho wazazi hukipuuza na mawakili wengine pia. Hakimu hamjui mtoto. Anakutana na watu wazima wawili wenye hasira, kila mmoja na hati ya kiapo inayomchora mwenzake kama shetani. Macho yake nje ya chumba kile ni Afisa Ustawi. Sheria ya Ndoa yenyewe inaitaka mahakama, pale inapowezekana, ipate ushauri wa mtu aliyefunzwa au mwenye uzoefu wa mambo ya watoto, ingawa hailazimiki kuufuata. Kenya kazi hiyo hufanywa na maofisa wa watoto. Ofisa hutakiwa kwenda nyumbani kwa baba na kwa mama, shuleni, kwa majirani, kisha akae na mtoto na kumsikiliza.

Ripoti nzuri ina vitu vya kushikika. Inasema mtoto analala chumba gani na nani, shule iko umbali gani, anapelekwa kwa miguu au kwa bodaboda, nani huwa nyumbani anaporudi, mahudhurio yake darasani yalikuwaje kabla na baada ya wazazi kutengana. Ripoti mbaya ina kurasa mbili. Inasema baba ana nyumba ya vyumba vitatu na kazi ya kudumu, mama anauza vitumbua na amepanga chumba kimoja, kwa hiyo inapendekezwa mtoto akae na baba. Ripoti ya namna hiyo imepima mifuko na kumwacha mtoto. Fedha ni jambo ambalo amri ya matunzo inaweza kulirekebisha, kwa kumwamuru mwenye nacho atoe. Hakuna amri ya mahakama inayoweza kumfanya mtu aamke usiku.

Chukulia mfano wa kubuni wa wazazi wa Mbagala waliotengana, wenye mtoto wa miaka 8. Baba ni dereva wa lori la masafa, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Ana kiwanja, ana bima ya afya, na anampenda mwanawe bila shaka. Mama ana genge la mboga. Baba anaomba apewe mtoto, na ukimuuliza atakaa na nani akiwa safarini anajibu: mama yangu yupo. Basi shauri hilo, ukilitazama vizuri, ni kati ya mama na bibi. Huenda bibi ni mlezi hodari kuliko wote. Lakini swali lazima liulizwe hivyo, na bibi lazima aulizwe kama anataka na anaweza. Ni nadra mtu kumuuliza bibi.

Ushahidi unaoshinda katika mashauri haya hauna mbwembwe. Kadi ya kliniki yenye mihuri, ripoti za shule zilizosainiwa na mzazi, risiti za sare na ada, ujumbe wa miamala ya simu unaoonyesha hela ya matumizi ilitumwa lini na kiasi gani, mwalimu anayesema ni nani huja kwenye kikao cha wazazi. Mzazi anayetumia siku nzima kumwaga uchafu wa mwenzake, simu zake za usiku na wanaume au wanawake wake, mara nyingi hutoka akishangaa kwa nini hakimu hakuandika sana. Mwenendo wa mzazi una maana mahakamani pale unapomfikia mtoto: kipigo ndani ya nyumba, ulevi, kumwacha peke yake. Usaliti wa ndoa ni donda la mume au mke. Mtoto ana madonda yake.

Na mtoto mwenyewe husikilizwaje? Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania 1991, unampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Sheria ya Ndoa haikutaja umri maalumu. Kwa kawaida hakimu humwita mtoto chumbani kwake, bila wazazi, na kuzungumza naye kuhusu shule na marafiki kabla ya kufika kwenye kiini. Mwenye uzoefu hutambua maneno ya kufundishwa. Mtoto wa miaka 9 anayesema baba hatimizi wajibu wake wa matunzo amekariri. Watoto hawasemi hivyo. Mtoto anayesema kwa mama kuna kelele lakini anapenda kulala na dada yake amesema lake. Hakimu haendi kupiga kura na mtoto, na wala hapaswi kumuuliza anampenda nani zaidi, maana jibu lolote atakalotoa atalibeba nyumbani na kulilipia.

Lipo tatizo ambalo sheria imelizaa bila kukusudia. Kwa kuwa mahakama haipendi kumhamisha mtoto aliyezoea mahali, anayemshika mtoto leo ana nafasi kubwa kesho. Wazazi wamelielewa hilo haraka kuliko wanasheria. Mtoto huja kwa baba likizo ya Desemba, Januari shule inafunguliwa na amekwisha kuandikishwa shule nyingine, mkoa mwingine. Au mama anahama usiku na kubadilisha namba ya simu. Shauri likisikilizwa miezi 14 baadaye, aliyemficha mtoto anasimama na kusema: tazama, amezoea. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kutoka kwa mtu aliyekabidhiwa kihalali, ila kabla amri haijatolewa aliyekabidhiwa kihalali ni nani, kama wazazi wote wawili wana haki? Dawa ipo kwa kiasi fulani: kuomba amri ya muda mapema, na hakimu kuuliza mazoea hayo yalianzaje. Mazoea yaliyopatikana kwa hila yasipewe heshima ileile na yale yaliyokua yenyewe. Na mashauri ya watoto yatangulie kwenye orodha, kwa kuwa mwaka mmoja wa kuahirisha ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu mwenye miaka 5.

Aliyekabidhiwa mtoto huamua mambo ya malezi na elimu yake, kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Masharti hayo ndiyo yanayoifanya hukumu iishike nyumba au iishie kwenye faili. Mahakama inaweza kuagiza mtoto akae wapi, asomeshwe vipi, alelewe katika dini gani. Inaweza kupanga siku za kumtembelea mzazi mwingine, kuwapa nafasi ndugu wa mzazi aliyefariki au aliyenyimwa malezi wamwone, na kumzuia mlezi asimpeleke nje ya Tanzania. Hukumu inayosema "baba atamwona mtoto kwa nyakati muafaka" ni mbegu ya ugomvi mwingine, kwa sababu watu hawa wameshindwa kukubaliana hata juu ya wakati muafaka wa chakula. Ile inayosema Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nusu ya kila likizo, makabidhiano yafanyike kwa shangazi, inachosha kuandika lakini inatekelezeka.

Habari ya fedha ina historia ya aibu katika nchi zote mbili. Kenya iliifuta mwaka 1969 sheria iliyokuwa inamwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo, ikawaacha wanawake hao mikono mitupu. Ilipopita Sheria ya Watoto ya 2001, wajibu wa mtoto wa nje ya ndoa uliangukia kwanza kwa mama, hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka mwaka 2013 kwamba mpangilio huo haupatani na Katiba, inayosema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Tanzania nayo ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu ukoloni, nayo ilidumu, ila kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi hizo 100 zilibaki kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta, wakati ambapo hazikutosha hata soda. Sasa mahakama hutazama kipato na mali ya wazazi wote wawili, majukumu yao mengine na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Baba akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, kazi inayofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini kuna biashara haramu inayofanyika kati ya wazazi wenza: hujatoa matumizi, humwoni; hunionyeshi mtoto, sitoi matumizi. Matunzo na kuonana ni haki mbili za mtoto. Kuinyima moja ili kuidai nyingine ni kumwadhibu mtoto kwa deni asilokopa. Baba asiyelipa adaiwe kwa njia za kudai madeni, na mama anayeficha mtoto arudishwe kwa hakimu.

Amri ya malezi haifungwi milele. Sheria ya Ndoa inaruhusu ibadilishwe wakati wowote ikionekana ilitolewa kwa maelezo ya uongo au kwa makosa, au mambo yakiwa yamebadilika kwa kiasi kikubwa: mzazi amehama nchi, amefungwa, ameugua, au amepona. Aliyeshindwa mwaka huu anaweza kurudi akiwa na rekodi mpya, na hilo humpa sababu ya kuendelea kuja Jumamosi zake hata kama bado ana uchungu.

Wanaopitia hali hii sasa hivi wasianze kwa wakili, wala kwa kumbeba mtoto usiku. Waende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yao. Wakikubaliana juu ya siku, ada na matibabu, waandike na kusaini mbele ya Afisa Ustawi, kisha wapeleke makubaliano hayo mahakamani yawe amri. Na wanaopanga bajeti za halmashauri hizo wakumbuke kwamba ofisa asiye na usafiri hawezi kufika kwenye nyumba mbili, shule na majirani kabla ya tarehe ya kesi. Wampe usafiri na mafuta yake.